Foleni ya gesi: unaokoa hela au unapoteza siku?

*Safu ya maswali ya wasomaji kuhusu hela za nyumbani na za kazini*

Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar, nakaa Gongo la Mboto. Gari ni IST, ni langu mwenyewe, mkopo nimemaliza mwaka jana. Nilifunga mfumo wa gesi asilia kwa sababu petroli ilikuwa inanimaliza. Gesi kweli ni rahisi, kilo shilingi 1,550, lakini foleni inanitesa. Juzi nimeingia kituoni saa 6 usiku nikatoka saa 9. Nikifika nyumbani napata usingizi wa saa mbili, saa 12 asubuhi niko barabarani tena. Mke wangu anasema hela ninayookoa itakuja kuishia hospitali. Wenzangu kijiweni wanasema mwanaume hakimbii foleni. Kwa siku natembea kama kilomita 150. Kampuni ikishakata chake nabaki na 70,000 hivi kabla ya mafuta: asubuhi saa 12 hadi saa 3 napata kama 27,000, jioni saa 10 hadi saa 1 hivyo hivyo, na katikati ya mchana ni kukaa chini ya mwarobaini kusubiri simu ilie. Naomba unisaidie hesabu. Nirudi kwenye petroli au nivumilie?
Dereva, Gongo la Mboto

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na daftari langu la zamani pembeni, kwa sababu uliyoandika nimeyaishi.

Mume wangu aliendesha teksi miaka tisa, na hesabu ya kila siku nilikuwa naandika mimi. Kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, mafuta, tairi, faini, kilichobaki. Agosti 2022, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ilipotangaza bei kikomo ya petroli kwa Dar es Salaam shilingi 3,410 kwa lita, tulikaa usiku ule tukakubaliana kuchukua hela ya kikoba tukafunge gesi. Miezi mitatu ya mwanzo nilifurahi kila nilipojaza ule mstari wa mafuta. Ulikuwa umeshuka kuliko nilivyotarajia. Lakini Jumamosi tukihesabu kilichobaki mkononi, hela ilikuwa ileile ya wakati wa petroli, na wiki nyingine ilipungua. Nasema ukweli, nilidhani ananificha. Tukanuniana.

Halafu nikachora mstari mpya kwenye daftari, nikauandika "saa". Nikamwomba kila siku aniambie ameingia foleni saa ngapi, ametoka saa ngapi, na ameweka kilo ngapi. Wiki mbili zilitosha. Hela haikuwa imefichwa popote. Ilikuwa imekaa kwenye foleni saa 12 asubuhi, wakati abiria wa Posta na Kariakoo wanatafuta gari.

Sasa tuje kwako. Nachukua petroli shilingi 2,800 kwa lita, na wewe uweke bei ya mwezi wako, maana EWURA hutangaza mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. IST kwenye foleni za mjini tuipe kilomita 12 kwa lita. Kilomita 150 zinakula lita 12 na nusu, yaani 35,000. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya lita moja na nusu ya petroli, kwa hiyo gari lako litatembea kama kilomita 18 kwa kilo. Kilomita 150 zinataka kilo 8 na ushei, karibu 13,000. Unaokoa 22,000 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi hiyo ni 572,000. Kwa hiyo anayekwambia urudi kwenye petroli moja kwa moja, huyo hajashika kalamu.

Na anayekwambia mwanaume hakimbii foleni, naye hajaishika. Watu wengi wanachukua mapato ya siku, wanagawa kwa idadi ya saa, wanapata bei ya saa moja, halafu wanasema foleni inalipa au hailipi. Kazi ya teksi haina saa moja ya wastani. Wewe mwenyewe umeniandikia: saa tatu za asubuhi ni 27,000. Saa tatu za jioni ni 27,000. Zinabaki saa saba za mchana ambazo zote kwa pamoja zinakupa 16,000, sawa na 2,300 hivi kwa saa. Ukipanga foleni saa 12 asubuhi ukatoka saa 3, umelipa 27,000 ili uokoe 22,000. Umefanya kazi kwa hasara ya 5,000 na bado hujanywa chai. Ukipanga foleni ileile saa 8 mchana, umelipa kama 7,000 ili uokoe 22,000. Imebaki 15,000. Kituo ni kilekile, gesi ileile, urefu wa foleni uleule.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza: hamisha foleni iende mchana. Mtungi wa gesi wa kwenye gari, tuseme ni wa kilo 11, ukijaa saa 8 mchana unakutosha jioni yote, na kesho asubuhi yote, hadi saa 8 nyingine. Kilomita 150 ziko ndani yake na zinabaki. Kinachowapeleka madereva foleni ya usiku ni mazoea ya petroli, ya kutaka kuanza siku na tenki limejaa. Gesi haitaki hivyo. Siku yako ya gesi ianze saa 8 mchana.

Lakini kuna kitu kingine ambacho ulipaswa kuniandikia na hukuniandikia: unatoka na kilo ngapi? Sheli ya petroli inamwaga tu kilichopo kwenye tangi. Gesi asilia inafika kituoni kwa bomba au kwa gari, halafu inasukumwa na kompresa mpaka presha ya bar 200 ndipo iingie kwenye mtungi wako ikae. Magari yakiwa mengi mfululizo, presha ya kituo inashuka, na kompresa inahitaji muda kuipandisha. Umeme ukikatika na jenereta ikasumbua, ndiyo kabisa. Usiku ule wa foleni ndefu mume wangu alikuwa anarudi geji imesimama kwenye 120. Amekaa saa tatu, amepata kilo 6 na nusu badala ya 11. Kesho yake mchana gesi imekwisha, anarudi tena foleni. Kwa hiyo kwenye daftari usiandike tu saa ulizokaa. Andika saa kwa kilo. Saa tatu kwa kilo 11 na saa tatu kwa kilo 6 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ongea na vijana wa kwenye pampu. Wale wanajua siku na saa ambazo presha ya kituo chao inakaa vizuri, na ukiwauliza kwa heshima wanakwambia. Jua kali nalo hupunguza kidogo kinachoingia, hilo lisikushtue. Ni bora upungukiwe nusu kilo saa 8 mchana kuliko ukose usingizi.

La tatu, petroli usiifanye adui. Gari lako likiwashwa linaanza na petroli, injini ikipata moto linahamia kwenye gesi, kwa hiyo petroli lazima iwepo tu. Na pampu ya petroli iko ndani ya tenki, inapozwa na petroli yenyewe. Madereva wanaotembea na taa ya mafuta imewaka mwaka mzima kwa sababu "natumia gesi" hatimaye wananunua pampu. Weka robo tenki daima. Halafu siku ambayo umeamka gesi imekwisha, usikimbilie foleni. Washa petroli, fanya asubuhi yako. Saa tatu zile unatembea kama kilomita 45. Kwa petroli ni 10,500, kwa gesi ingekuwa 3,900. Umezidisha 6,600. Lakini umeshika 27,000 ambazo foleni ingezila zote. Nilipomwonyesha mume wangu mstari huu kwenye daftari alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe nilikuwa naogopa kutumia elfu sita nikatupa elfu ishirini." Ndivyo alivyosema, na mimi sikumcheka, maana na mimi ndiye niliyekuwa namsifu kila mstari wa mafuta ukishuka.

Sasa kuhusu usingizi, na hapa naomba unisikilize kama mama yako. Foleni ya usiku haionekani kwenye hesabu kwa sababu saa 6 hadi saa 9 huna abiria, kwa hiyo unaona kama hukupoteza kitu. Machi 2023 mume wangu alitoka foleni saa 10 alfajiri akasema asilale, aunganishe. Kimara alisinzia. Sekunde mbili tu, alisema. Gari likapanda kingo za njia ya mwendokasi. Mungu alisaidia, hakukuwa na mtu barabarani na yeye alitoka na jeraha la mkono. Bampa, taa, rejeta na fundi vilifika 640,000. Akiba ya gesi ya mwezi mzima iliondoka kwa sekunde mbili, na kila nikipita pale ninaangalia ile kingo. Mkeo anasema kweli, na hajasema kwa sababu ya uvivu wa kukufungulia mlango saa 9 usiku. Kama siku fulani mchana foleni imekushinda na usiku ndiyo pekee uliobaki, basi kesho yake usianze saa 12. Lala mpaka saa 4. Utakosa 27,000, na ukishaiona hiyo namba ndipo utajua foleni ya usiku inagharimu kiasi gani.

Niandikie baada ya mwezi uniambie mstari wa "saa" unasemaje.

Mama, heshima yako. Ni mwalimu, naishi Bunju, nafundisha Upanga. Nina Premio ninayoendesha mwenyewe, kwenda na kurudi kilomita 70 kwa siku. Fundi ameniambia kufunga gesi ni 1,800,000. Dada yangu anasema nitapoteza muda kwenye foleni na mimi si dereva wa biashara. Anasema kweli?
Mwalimu, Bunju

Mwalimu, dada yako ana nia njema lakini kwako hesabu ni nyepesi kuliko ya kijana wa juu.

Premio yako kwenye barabara ya Bagamoyo asubuhi tuiwekee kilomita 11 kwa lita. Kilomita 70 ni lita 6.4, karibu 17,800. Kwa gesi ni kilo 4.2, kama 6,600. Unaokoa 11,200 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni zaidi ya 246,000 kwa mwezi. Milioni 1.8 inarudi ndani ya miezi 8, na likizo za shule ukizitoa, sema 9 au 10.

Mtungi wa kilo 11 utakupeleka siku mbili na nusu. Kwa hiyo utajaza kama mara tisa kwa mwezi. Ukikaa foleni saa moja na nusu kila mara, ni saa 13 na nusu. Gawa 246,000 kwa saa hizo: kila saa ya foleni inakulipa 18,000 na zaidi. Hakuna tuisheni inayokulipa hivyo. Na wewe kwenye foleni unaweza kusahihisha madaftari, dereva wa teksi hawezi kubeba abiria akiwa amepanga mstari.

Njia yako pia inakusaidia. Tangu mwaka 2025 kipo kituo mama, yaani kituo kikubwa kinachogawia gesi vituo vidogo, cha shirika la mafuta la taifa, TPDC, barabara ya Sam Nujoma, jirani na Mlimani City. Wewe unapita Mwenge kila siku, kwa hiyo kuchepuka ni kidogo. Ungeniandikia unakaa upande ambao kituo cha karibu ni kilomita 20 nje ya njia, ningekujibu vingine.

Mambo mawili uyaangalie kabla ya kumpa fundi hela. Mtungi utakaa kwenye buti, na buti la Premio litabaki la kuweka mkoba na mwavuli. Kama Jumamosi unabeba magunia ya mkaa au vyakula vya shamba, lifikirie hilo. Na usifunge kwa fundi wa chini ya mti kwa sababu amepunguza 300,000. Ile presha ya 200 si ya kuchezea. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wanafunga na wana mafundi waliosomea. Uulize cheti cha mtungi, tarehe uliyopimwa, na lini unatakiwa kupimwa tena. Asiyekuonyesha karatasi, mwage.

Hujambo mama? Nakuandikia kutoka Kasarani, Nairobi. Naendesha Vitz. Kuna stesheni ya mafuta karibu na Ruiru inauza petroli ikiwa chini kwa shilingi 2 kwa lita kuliko ya hapa kwetu. Kila Jumamosi naenda kujaza huko lita 30. Rafiki yangu ananiambia napoteza wakati. Nani yuko sawa?
Msomaji, Kasarani

Sijambo, ndugu yangu. Rafiki yako yuko sawa, na hata wakati usipouhesabu bado yuko sawa.

Lita 30 mara shilingi 2 ni shilingi 60. Kwenda Ruiru na kurudi Kasarani unamaliza zaidi ya kilomita 20, na Vitz yako hapo imekunywa lita moja na kitu. Tukichukua bei ya shilingi 180 na ushei kwa lita, umetumia 200 kuokoa 60. Ukipita Ruiru kwa shughuli nyingine, jaza. Kwenda kwa ajili ya hilo pekee, acha.

Kwenu EPRA, mamlaka ya nishati, inatangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi na inaanza kutumika usiku huohuo ukigeuka tarehe 15. Kama dalili zote ni za kupanda, jaza tarehe 14 jioni ukitoka kazini, kwenye stesheni iliyo njiani. Ikipanda shilingi 5, umeokoa 150 bila kukanyaga mita moja ya ziada. Na ukishuka Mombasa kuwaona wazee, jaza huko kabla ya kurudi. Mafuta yanashukia Kilindini, bei ya Mombasa iko chini kuliko ya Nairobi.

Shikamoo mama. Naendesha bajaji ya mtu hapa Mbagala. Zamani hesabu ya tajiri ilikuwa 15,000 kwa siku na mafuta juu yangu. Tajiri amefunga gesi kwa milioni moja, sasa anataka 20,000 kwa siku, anasema faida ya gesi naila mimi. Natembea kilomita 100 hivi. Foleni nakaa saa mbili kila siku. Je, ananionea au ni haki yake?
Dereva wa bajaji, Mbagala

Marahaba baba. Hii barua imenikaa moyoni siku nzima.

Twende taratibu. Bajaji yako kwa petroli, tuseme kilomita 25 kwa lita: lita 4 kwa siku, 11,200. Kwa gesi ni kilo 2.7, karibu 4,200. Gesi inaokoa 7,000 kwa siku. Katika hizo, tajiri anachukua 5,000. Wewe unabaki na 2,000, na ili uipate unakaa foleni saa mbili. Yaani saa yako moja imelipwa 1,000. Umeniandikia "faida ya gesi naila mimi". Mwonyeshe hizi namba, mwulize ni nani anayeila.

Sisemi tajiri ni mtu mbaya. Ametoa milioni moja mfukoni na anataka irudi, hiyo ni haki yake. Lakini 5,000 kwa siku 26 ni 130,000 kwa mwezi. Ndani ya miezi 8 milioni yake imerudi na imezidi. Swali ambalo hujaulizwa na wewe hujamuuliza ni hili: baada ya miezi 8, hesabu inarudi 15,000 au inabaki 20,000 milele? Kama hamkusema, inabaki. Nimeona hivyo kwa madereva wengi mno.

Nenda kwake siku ya mapumziko, si siku ya kupeleka hesabu ambapo wote mmechoka. Chukua karatasi ya daftari la shule, andika mistari minne: petroli ya zamani, gesi ya sasa, anachoongeza yeye, kinachobaki kwako na saa za foleni. Mwombe moja kati ya haya. Aongeze 3,000 badala ya 5,000, nawe ubaki na 4,000 kwa kazi ya foleni, fedha yake irudi taratibu kwa mwaka mmoja na mwezi. Au aendelee na 5,000 kwa miezi 8 kamili, tarehe ikaandikwa, halafu ishuke. Na muandikishane, hata kwa mkono, hata mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mwambie kwa adabu kwamba dereva anayepata 1,000 kwa saa ataanza kukimbia kufidia, na bajaji inayokimbia Mbagala haidumu.

Akikataa yote mawili, pima. Ukipata bajaji ya petroli kwa hesabu ya 15,000, unapoteza zile 2,000 lakini unapata saa mbili. Kwa saa mbili Mbagala Rangi Tatu, jioni, hukosi kupata zaidi ya 2,000.

Mama, swali dogo. Duka la jirani yangu Tabata linauza gesi ya kupikia, mtungi wa kilo 6, kwa 25,000. Buguruni nimeona 23,000. Niende?
Mama wawili, Tabata

Usiende, mwenzangu. Bodaboda ya kwenda na kurudi na mtungi imekwishakula hiyo 2,000 na huenda imezidi.

Lakini hapo hapo kwa jirani kuna 2,000 nyingine ambayo wengi wetu tunaiacha. Kilo 6 kwa 25,000 maana yake kila kilo ni kama 4,170. Mtungi ukipungua nusu kilo, umeshaibiwa zaidi ya 2,000, na hukuona. Angalia kwenye shingo ya mtungi au kwenye kishikio, uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale kwa namba. Ongeza 6. Huo ndio uzito unaotakiwa usome kwenye mzani wa dukani, kabla hujatoa hela na kabla ya kuvunja ile sili ya plastiki. Mwombe muuzaji apime mbele yako. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Mimi namba ya mtungi wangu nimeiandika kwa makapeni nyuma ya mlango wa jiko, maana ile ya kugongwa imeliwa na kutu. Ukienda kubadilisha wanakupa mtungi mwingine, namba inabadilika, unafuta unaandika upya. Mwezi uliopita mtungi wangu ulisoma pungufu kwa gramu 400. Nikaonyesha, kijana akaingia ndani, akaniletea mwingine, tukaupima, ukatimia.